Umeme unarudi, VPN hairudi: kisa cha rauta moja ya nyumbani Shangani, Mtwara

Nyumba ipo Shangani, Mtwara mjini. Tatizo lake mwenye nyumba alilieleza kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ilikuwa sahihi kabisa: umeme ukikatika, hata kwa dakika moja, ukirudi kila kitu kinarudi isipokuwa intaneti. Taa zinawaka, friji inanguruma, kisanduku cha kampuni ya simu kinaonyesha taa ya kijani, Wi-Fi inaonekana kwenye simu na inakubali nywila, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Hali hukaa hivyo siku nzima, wakati mwingine siku tatu. LUKU ikiisha usiku ikaongezwa asubuhi, matokeo ni yale yale.

Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu maelekezo mengi ya kuweka VPN (handaki la siri linalopita ndani ya intaneti kukuunganisha na mtandao wa mbali) kwenye rauta yanaishia pale inapowaka mara ya kwanza. Fundi anapiga picha ya skrini, anachukua hela yake, anaondoka. Kwa huku kwetu kipimo cha kweli kinakuja siku umeme unapokatika, na siku hiyo fundi hayupo.

Nyumba na kazi yake

Mwenye nyumba ni mhasibu wa kampuni inayonunua korosho na kuzisafirisha. Ofisi kuu iko Dar es Salaam, na tawi la Mtwara ni chumba kimoja cha nyumba yake: laptopu, printa yenye skana, na simu ya mezani inayopitia intaneti. Msimu ukifunguliwa Oktoba na minada ya vyama vikuu vya ushirika vya TANECU na MAMCU ikianza, karatasi hazisubiri. Mnada ukiisha, ankara ziingizwe kwenye mfumo wa hesabu, malipo yapelekwe benki, ndipo mzigo utoke ghalani. Siku moja bila mfumo maana yake ni malori yamesimama na madereva wanadai posho.

Mfumo huo wa hesabu uko kwenye seva ndani ya ofisi ya Dar, na ofisi, kwa busara, haikuuacha wazi kwa kila mtu mwenye intaneti. Anayetaka kuufikia lazima apitie VPN ya ofisi, ambayo ni WireGuard. Hii ni programu huria iliyoandikwa na Jason Donenfeld, na tangu Machi 2020 imo ndani ya Linux yenyewe, kuanzia toleo la 5.6. Ni nyepesi kiasi kwamba hata rauta ndogo ya bei nafuu inaimudu.

Kwa nini VPN iwe kwenye rauta na si kwenye laptopu? Swali hili liulizwe kila mara kabla ya kugusa chochote, maana watu wengi wanaiweka kwenye rauta kwa sababu tu wamesikia inawezekana. Hapa palikuwa na sababu. Laptopu ingetosha na programu yake yenyewe, lakini skana inatakiwa itume hati moja kwa moja kwenye seva ya Dar, na simu ya mezani inatakiwa ijisajili kwenye mitambo ya simu ya ofisi. Vifaa hivyo viwili havina mahali pa kuweka VPN. Vinachojua ni rauta tu, kwa hiyo rauta ndiyo ibebe kazi.

Basi mwezi Agosti fundi mmoja aliweka rauta ya pili nyuma ya kile kisanduku cha kampuni ya simu, akaitia OpenWrt, mfumo huria wa rauta unaotokana na Linux, akaweka WireGuard, akaelekeza kila kitu cha nyumba kipitie Dar. Ilifanya kazi vizuri mpaka umeme ulipokatika.

Maelezo matatu yaliyokuwa yakizunguka

Nilipofika nilikuta tayari pana maelezo matatu, na kila moja lilikuwa na ushahidi wake, ndiyo maana hakuna aliyekuwa tayari kuliacha.

La kwanza: kampuni ya simu inazuia VPN. Hili ndilo la majirani na la kijana wa nyumba. Mtu akisikia VPN imegoma, jambo la kwanza kumjia kichwani ni kwamba imezuiwa.

La pili: funguo za VPN, yaani namba ndefu zinazoitambulisha rauta kwa seva, "zinaungua" umeme ukikatika. Hili lilikuwa la fundi wa kwanza, na alikuwa na sababu ya kuliamini. Kila alipoitwa, alitengeneza jozi mpya ya funguo, akatuma ule wa wazi, usio wa siri, Dar uandikwe kwenye seva, na VPN ikawaka pale pale. Ukiona dawa inaponya kila mara, utasema umeujua ugonjwa.

La tatu: rauta ni mbovu, inunuliwe nyingine. Hili la mtaalamu wa TEHAMA wa ofisi ya Dar, ambaye alikuwa amechoka kupokea funguo mpya.

Kilichotutoa kwenye mabishano ni daftari. Mhasibu ni mhasibu, anaandika. Alikuwa na daftari la kaunta lenye safu zilizopigwa kwa rula: tarehe, saa umeme ulipokatika, saa uliporudi, saa intaneti iliporudi, na safu ya mwisho, nani kagusa nini. Akanisogezea mezani akasema, "Fundi, mimi sijui mitambo, lakini angalia hapa." Safu ya mwisho ilijaa maneno "funguo mpya". Lakini katikati kulikuwa na mistari miwili iliyoandikwa "imerudi yenyewe, hakuna aliyegusa". Mmoja ulikuwa saa tisa usiku.

Mistari hiyo miwili iliyaua maelezo mawili kwa mpigo. Ufunguo ulioungua hauponi wenyewe saa tisa usiku. Na rauta mbovu haiponi bila kuguswa kisha ikafanya kazi siku kumi bila kasoro. Yalibaki maelezo ya kuzuiwa, ambayo yangeweza kusimama, maana kizuizi kinaweza kuwekwa na kuondolewa bila nyumba kujua.

Tulivyopima

Kizuizi ni rahisi kukipima ukiwa na mtu upande wa pili. Umeme ulikuwa umekatika asubuhi hiyo, kwa hiyo hitilafu ilikuwepo mbele yetu. Nikampigia yule mtaalamu wa Dar: "Kaka, sikiliza mlango wa 51820 kwenye seva yako, uniambie kama unaona chochote kinatoka Mtwara." Huo ndio mlango ambao WireGuard ya ofisi inapokelea. Akaweka programu ya kunasa pakiti, vile vipande vidogo vya data vinavyosafiri mtandaoni, akakaa kimya kidogo, akasema, "Zinakuja. Kila baada ya sekunde tano. Seva haizijibu."

Hapo kampuni ya simu ikatoka kwenye kesi. Pakiti zinasafiri Mtwara hadi Dar bila shida. Seva inazipokea, na inachagua kutojibu.

Upande wangu picha ilikuwa hiyo hiyo. Ukiuliza hali ya WireGuard kwenye rauta, inakuonyesha baiti zilizotumwa na baiti zilizopokelewa. Zilizopokelewa zilikuwa sifuri. Zilizotumwa zilikuwa zikipanda kwa hatua ya 148, kila sekunde tano hivi, 148 tena, 148 tena. Namba hiyo si ya kubahatisha: salamu ya kwanza ya WireGuard, ile pakiti ya kuomba kuanza mazungumzo, ina baiti 148 kamili, na jibu lake lina baiti 92. Rauta ilikuwa inabisha hodi bila kupumzika na haijibiwi.

Kimya cha seva hakikuwa ajabu. WireGuard imejengwa hivyo kwa makusudi: salamu isiyokubalika haijibiwi hata kwa kukataliwa, ili anayepekua mtandao asijue kwamba hapo pana mlango. Ni ulinzi mzuri, lakini unamnyima fundi ujumbe wa kosa. Hakuna "nywila si sahihi", hakuna "umekataliwa". Sifuri tu.

Kwa nini basi seva iikatae salamu yenye ufunguo sahihi? Nikafungua kumbukumbu za matukio za rauta nisome kilichotokea tangu iwake. Mstari wa kwanza ulikuwa wa tarehe 19 Agosti. Wa pili, 19 Agosti. Mistari yote, mpaka wa dakika ile ile tuliyokuwa tunazungumza, ilikuwa ya tarehe 19 Agosti, saa sita na ushei usiku. Ukutani nyuma ya laptopu ilining'inia kalenda ya Oktoba.

Saa

Kompyuta ina betri ndogo ya duara inayoendesha saa hata ikiwa imezimwa. Rauta nyingi za bei nafuu hazina. Umeme ukikatika, saa inakufa. Ukirudi, rauta inaamka haijui ni lini. OpenWrt inajaribu kuokoa hali kwa njia ya werevu: inapowaka, inatafuta faili lililobadilishwa karibuni zaidi kwenye folda ya mipangilio, na kuanzia hapo. Inajiambia kwamba sasa hivi haiwezi kuwa kabla ya faili hili kuandikwa. Kisha inategemea intaneti iipe saa kamili kupitia seva za saa.

Faili la mwisho kubadilishwa kwenye rauta hii lilikuwa na tarehe 19 Agosti. Na angalia ubaya wa jambo hili: kila mara fundi wa kwanza alipokuja kuweka funguo mpya, rauta ilikuwa tayari imeamka ikiamini ni 19 Agosti, kwa hiyo faili jipya nalo liliandikwa 19 Agosti, dakika chache mbele tu. Nyumba iliingia Septemba, ikaingia Oktoba, na rauta ikabaki inaanza maisha upya siku ile ile.

Saa mbovu ina uhusiano gani na VPN? Kwenye WireGuard, mkubwa. Ndani ya ile salamu ya baiti 148 kuna muhuri wa wakati wa baiti 12, uliofichwa kwa usimbaji. Seva inakumbuka, kwa kila ufunguo, muhuri wa mwisho iliowahi kuupokea, na haikubali salamu yenye muhuri wa nyuma ya huo. Sababu ni nzuri. Mtu akinasa salamu yako leo, asiweze kuirudia kesho ili kuvuruga mazungumzo yako. Lakini seva haina namna ya kutofautisha mwizi anayerudia salamu ya zamani na rauta ya Shangani inayoamini kwamba ni Agosti. Zote mbili inazitupa kimya kimya.

Sasa daftari likasomeka lote. Funguo mpya ziliponya kwa sababu kwa ufunguo mpya seva haina kumbukumbu yoyote. Muhuri wa Agosti ni wa kwanza, unakubalika. VPN ikishasimama, rauta inapata saa sahihi, salamu zinazofuata zinakuja na muhuri wa Oktoba, seva inauandika. Umeme ukikatika tena, rauta inarudi Agosti, na mlango unafungwa upya. Dawa ya fundi ilikuwa inafanya kazi kweli, na ilikuwa inaandaa hitilafu inayofuata.

Na ile "imerudi yenyewe"? Seva inaweka muhuri wa mwisho kwenye kumbukumbu ya muda, haiuandiki kwenye diski. Ikiwashwa upya, inasahau. Nikamwomba mtaalamu wa Dar aangalie lini seva yake iliwashwa upya kwa ajili ya masasisho. Akasoma tarehe mbili na saa zake. Mhasibu alikuwa ameweka kidole kwenye daftari, akafuata. Zote mbili zililingana, pamoja na ile ya saa tisa usiku.

Uthibitisho wa mwisho ulikuwa mwepesi. Nikaandika tarehe na saa sahihi kwa mkono kwenye rauta, bila kugusa funguo, bila kuzima kitu. Salamu iliyofuata ilijibiwa: kwenye safu ya zilizopokelewa sifuri ikageuka 92, na simu zote za nyumba zikaanza kulia kwa ujumbe uliokuwa umekwama tangu asubuhi.

Kitanzi chenyewe

Mtu atauliza, na ni haki yake: si rauta ingechukua saa sahihi kwenye intaneti kabla ya kuanza VPN? Rauta nyingi zinaamka bila saa na hazisumbui mtu.

Hapa ndipo penye kosa la mpangilio, na ndipo ningependa kila anayeweka VPN kwenye rauta asimame. WireGuard ina orodha ya anwani zinazoruhusiwa kupita kwenye handaki. Maelekezo mengi yanakwambia uandike 0.0.0.0/0, yaani kila anwani duniani. Ukiandika hivyo na kuiruhusu rauta itengeneze njia, basi si vifaa vya nyumba tu, hata rauta yenyewe ikitaka kitu chochote cha nje inapitia handaki. Kinachobaki nje ni pakiti za VPN zenyewe kuelekea seva. Juu ya hapo, DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba za anwani, ilikuwa imewekwa ya ofisi, ambayo inapatikana ndani ya handaki pekee. Na kwenye fayawoli, ile sehemu ya rauta inayochuja kinachopita, njia ya kutoka nyumbani moja kwa moja ilikuwa imefungwa, ili kitu kisivuje nje ya VPN.

Pangilia sasa. Handaki haliwezi kusimama bila saa sahihi. Saa sahihi inatoka kwenye seva za saa, ambazo rauta inazijua kwa majina. Majina yanatafsiriwa na DNS, na DNS iko ndani ya handaki. Hata kama ingejua namba zake, njia ya kwenda huko ni handaki. Kila kimoja kinamsubiri mwenzake, na hakuna atakayeanza.

Kanuni ninayoishika tangu hapo ni nyepesi kuitamka: handaki lisibebe kitu ambacho lenyewe linakihitaji ili lisimame. Saa na DNS ya rauta yenyewe vipite nje, daima. Saa si siri. Hakuna anayepoteza kitu kwa dunia kujua kwamba rauta yake imeuliza saa ngapi.

Tulichobadilisha

Tuliifuta 0.0.0.0/0. Mahali pake tukaandika mtandao wa ofisi tu, pamoja na anwani ya mfumo wa benki, ambao unaitambua ofisi kwa anwani yake ya Dar na kumkataa anayekuja kwa nyingine. DNS ya kawaida ikawa ya nje; majina ya ofisi peke yake ndiyo yanaulizwa kwenye seva ya Dar. Kwenye seva za saa tuliongeza moja kwa namba badala ya jina, ili hata DNS ikichelewa, saa ipatikane.

Kuna wanaopendekeza njia ya mkato: rauta iguse faili fulani kila saa ili tarehe ya faili la mwisho isiachwe nyuma mno. Sikuipenda. Inapunguza pengo, haiondoi. Muhuri ukiwa nyuma hata kwa dakika ishirini, bado uko nyuma, na seva itaukataa mpaka dakika hizo zipite. Tena inaandika kwenye hifadhi ndogo ya rauta bila sababu.

Kuhusu betri: mhasibu alishauriwa mapema anunue UPS ndogo ya rauta, hizi za volti 12 zinazouzwa madukani, na ameshainunua. Ni kitu kizuri, ila nilimwomba asiichomeke mpaka tumalize. Betri ingeficha ugonjwa. Umeme ukikatika dakika kumi asingeona kitu, halafu siku utakapokatika usiku kucha betri ingeisha, na angeamka kwenye hitilafu ile ile katikati ya mnada.

Jaribio tulimwachia mwenyewe. Alikwenda kwenye swichi kuu, akazima nyumba nzima, akahesabu, akawasha. Rauta iliamka tarehe 19 Agosti kama kawaida yake. Kisanduku cha simu kikapata mtandao, rauta ikapata saa, mistari ya kumbukumbu ikaruka kutoka Agosti kwenda Oktoba kati ya mstari mmoja na unaofuata, na salamu ikajibiwa. Yote hayo kwa dakika mbili hivi, wala hakuna aliyegusa kitu.

Mambo mengine mawili yalijitokeza na sitayarefusha. Mtandao wa nyumba na wa ofisi yote ilikuwa ikitumia anwani zinazoanza na 192.168.1, kwa hiyo laptopu ikitafuta printa ya ofisi ilikuwa inaitafuta sebuleni. Tulihamisha wa nyumba. Na skana ilikuwa inakwama kwenye hati kubwa huku ndogo zikipita, kwa sababu WireGuard inaongeza baiti zake kwenye kila pakiti na pakiti kubwa zilikuwa hazipiti kwenye mtandao wa simu. Kupunguza ukubwa wa pakiti za handaki kulimaliza.

Nyumba nzima ofisini kwa mwajiri

Jambo lililonigusa kuliko saa ni hili, na hakuna aliyekuwa amelilalamikia.

Tangu Agosti, kwa ile 0.0.0.0/0, kila kifaa cha nyumba kilikuwa kinapitia Dar. Runinga ya sebuleni. Simu za watoto. Simu ya kila mgeni aliyepewa nywila ya Wi-Fi. Watu wakisikia VPN wanafikiri usiri, lakini VPN haiondoi macho, inayahamisha. Kisichoonwa tena na kampuni ya simu kinaonwa na mwenye seva ya upande wa pili, na hapa mwenye seva ni mwajiri wa mama mwenye nyumba. Maandishi ya ndani ya kurasa zilizosimbwa asingeweza kuyasoma, lakini majina ya tovuti, saa zilizofunguliwa na kiasi kilichotumika vilikuwa vinapita kwenye DNS yake na mitambo yake. Mgonjwa anayetafuta habari za ugonjwa wake usiku, kijana anayetafuta kazi kwingine, mume mwenye biashara yake, wote.

Nilimweleza mhasibu hivyo hivyo. Akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo na mama mkwe alipokuwa hapa?" Naye pia.

Sidhani ofisi ilikusudia. Yule mtaalamu wa Dar aliposikia alishtuka kuliko sisi, na akaelewa kwa nini laini ya ofisi ilikuwa inazidiwa kila jioni: filamu za Shangani zilikuwa zinashuka Dar kwanza, halafu zinapandishwa tena kuja Mtwara kwa laini ya ofisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo mahususi na halali. Mwajiri hana lengo lolote halali la kujua mtoto wa mfanyakazi wake anatazama nini. Na kuna upande wa pili wa shilingi kwa ofisi: simu yoyote yenye virusi iliyoingia kwenye Wi-Fi ile ilikuwa ndani ya mtandao mmoja na seva ya hesabu.

Kwa hiyo tuligawa Wi-Fi mbili. Moja ya kazi: laptopu, skana, simu ya mezani, hiyo peke yake ndiyo inaona handaki. Nyingine ya familia na wageni, inatoka moja kwa moja kwenye intaneti na haina njia ya kuingia kwenye ile ya kwanza. Ile fayawoli ya kuzuia kuvuja ilibaki, lakini sasa inalinda kinachostahili: anwani za ofisi na benki zikikosa handaki, zinakwama, hazipiti nje.

Uhalali

Mhasibu aliniuliza kama yuko upande sahihi wa sheria, na ni swali la kuulizwa kabla ya kazi. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020 zinakataza kutumia teknolojia ya kumfikisha mtu kwenye maudhui yaliyopigwa marufuku. Kisha tarehe 13 Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, ilitoa taarifa kwa umma ikiwataka watu na kampuni ambao kazi zao zinahitaji VPN watoe taarifa zao, pamoja na anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. VPN ya kufikia seva ya hesabu ya mwajiri ni kazi halali, lakini hiyo haiondoi wajibu wa kuitolea taarifa. Ofisi ilikuwa imetoa taarifa ya seva yake; haikuwa imeitaja nyumba ya Shangani. Niliwaomba wamalizie hilo kwa maandishi na nakala ibaki kwa mhasibu, kwa sababu akiulizwa, ataulizwa yeye aliye Mtwara.

Ofisi sasa inataka mpangilio huo huo kwa mwenzake wa Nachingwea, ambaye rauta yake si ya OpenWrt. Nimewaambia kabla ya kunitumia nauli wamwombe afanye jambo moja: achomoe rauta kwenye umeme, airudishe, aingie kwenye ukurasa wake wa mipangilio kabla intaneti haijasimama, asome tarehe iliyoandikwa pale, na anitumie picha yake.